Ile 30% Inayobaki Marekani: Historia ya Kukatwa Kabla Hujashika Pesa

Wacha nianze na hesabu ndio tusipoteane. Chukua chaneli ya msee wa Nax ambaye mwezi huu YouTube imemhesabia dola 1,000. Kati ya hizo, dola 400 zimetokana na watazamaji walioko Marekani. Labda ni watu wetu wa Dallas na Minnesota wanaopenda kuona vile Section 58 na Kiti zinakaa siku hizi. Zile 600 zingine zimetoka Kenya, Uingereza, Qatar na kwingineko. Kabla pesa haijatumwa, dola 120 zinabaki Marekani. Hiyo ni 30% ya zile 400. YouTube haiziweki mfukoni, inazipeleka IRS, yaani mamlaka ya ushuru ya Marekani, kwa niaba ya mtu ambaye hajawahi kukanyaga Marekani, na pengine viza aliomba akanyimwa.

Mara ya kwanza wengi kusikia hii maneno ilikuwa Machi 2021, wakati Google ilituma barua pepe kwa makrieta wa nje ya Marekani ikisema jaza fomu ya ushuru kabla ya Mei 31. Ukijaza, unakatwa kwa watazamaji wa Marekani peke yake. Usipojaza, unaweza kukatwa hadi 24% ya kila kitu, dunia nzima. Yaani msee wetu wa dola 1,000 angepoteza dola 240 kwa kukaa kimya. Kulikuwa na makelele sana mtandaoni. Wengine walisema ni utapeli wa kuiba namba za KRA PIN. Wengine walisema YouTube imeamua kunyonya Waafrika.

Hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi naona ndilo lenyewe: hiyo 30% ilitoka wapi? Nani alikaa chini akasema thelathini, si kumi, si ishirini?

Jibu ni kwamba hiyo namba ina umri wa kuwa babu yako. Bunge la Marekani liliiweka mwaka wa 1942, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati serikali ilikuwa inatafuta pesa ya vita kila mahali. Haikuwa imewazia vidio. Ilikuwa inawazia mzungu wa London au Amsterdam mwenye hisa za kampuni ya reli ya Marekani, anayetumiwa gawio lake kila mwaka akiwa amekaa kwake. Kiwango kilikuwa kimeanza na 10% mwaka wa 1936, kikapandishwa haraka haraka vita ilipokaribia, kikafika 30% na kikakaa hapo. Vita iliisha 1945. 30% bado iko.

Sasa, kuelewa hii kitu lazima uelewe shida ya mtoza ushuru. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, so msinisome kama profesa, lakini hii sehemu ni rahisi hata bila digrii. Mtoza ushuru anaweza kukudai tu kama anaweza kukufikia. Kama una duka hapa mjini, atakuja dukani. Kama una shamba, shamba halihami. Lakini mtu aliye nchi nyingine, anayelipwa pesa kutoka kwako, utamfuata na nini? Utatuma askari wa kanjo hadi London? Huwezi. So unageuka nyuma unamshika yule anayelipa, ambaye yuko karibu, unamwambia: kabla hujamtumia pesa yake, toa sehemu yangu kwanza. Usipoitoa, deni ni lako. Huo ndio ushuru wa zuio. Anayelipa anageuzwa kuwa mtoza ushuru bila mshahara, na anayepokea anasikia tu pesa imepungua.

Waingereza walijaribu hii mbinu kwa ukubwa mwaka wa 1803. Kabla ya hapo, kuanzia 1799, serikali yao ilikuwa inaomba watu waseme wenyewe wamepata pesa ngapi. Unajua vile binadamu wako. Waziri Mkuu Henry Addington akabadilisha: ushuru ukatwe pale pesa inapotoka. Kiwango cha juu kilishushwa kutoka 10% hadi 5%, na bado mapato ya serikali hayakushuka kwa nusu, kwa sababu watu wengi waliokuwa wakijificha walikosa mahali pa kujificha.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu hapa Bonde la Ufa tuna historia yetu ya nani anafikika na nani hafikiki, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Mwaka wa 1901 serikali ya mkoloni ilianzisha kodi ya nyumba. Usiseme ni kama ushuru wa mapato. Hawakuuliza umepata nini. Waliuliza una nyumba ngapi, wakahesabu, wakadai. Mwaka wa 1910 wakaongeza kodi ya kichwa, ndio hata kijana asiye na nyumba alipe. Mwafrika alikuwa mtu anayefikika sana. Chifu anajua boma lako. Na baada ya Vita vya Kwanza ukawekewa kipande shingoni, hata ukitoroka shamba moja la Njoro kwenda lingine la Molo wanakujua. Kazi ya hiyo kodi haikuwa pesa tu. Ilikuwa kukusukuma utoke kwako uende kufanya kazi ya mshahara kwa mlowezi, kwa sababu kodi ilitakiwa kwa pesa, na pesa ilikuwa kwa mlowezi. Mwaka wa 1921 kodi ilifika shilingi 16. Harry Thuku na watu wake wakapinga, Machi 1922 watu wakapigwa risasi Nairobi, na baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Na mlowezi je? Hapa ndio mambo inakuwa moto. Wakati huo huo, serikali ilikuwa imejaribu kuleta ushuru wa mapato, ule wa kuangalia mtu amepata nini. Hiyo ingewagusa wale wenye mashamba makubwa. Lord Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 Njoro kwa mkataba wa miaka 99, na baadaye akawa na Soysambu kule Elmenteita. Hii ni ardhi ambayo Wamaasai waliondolewa kwa makubaliano ya 1904, yale ambayo hata jina makubaliano linayabeba kwa shida. Walowezi wakakataa huo ushuru. Walikuwa na viti kwenye Baraza la Kutunga Sheria, walikuwa na magazeti, walikuwa na marafiki London. Mwaka wa 1922 ushuru wa mapato ukafutwa, na pengo likajazwa na ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazoingia, ambao Mwafrika pia alilipa akinunua blanketi na jembe.

Ushuru wa mapato ulirudi 1937. Delamere alikuwa ameshakufa tangu 1931.

So kwa zaidi ya miaka thelathini, mfanyakazi wa shamba alilipa kwa sababu anafikika, na mwenye shamba akakaa mezani kujadiliana. Mimi nikisoma hii sioni historia ya ushuru tu. Naona sheria ileile ya asili inayofanya kazi hadi leo: ushuru haumwendei mwenye pesa nyingi, unamwendea yule ambaye mkono unamfikia kwa urahisi.

Sasa kuna sehemu ya Geneva ambayo hatufundishwi. Baada ya Vita vya Kwanza, matajiri wa dunia walianza kulia kwamba wanakatwa mara mbili: nchi inayolipa inakata, na nchi wanayoishi inakata tena. Ushirika wa Mataifa ukawapa wataalamu wanne wa uchumi kazi ya kutafuta suluhu. Walikuwa Bruins wa Uholanzi, Einaudi wa Italia, Seligman wa Marekani na Stamp wa Uingereza. Ripoti yao ilitoka 1923. (Huyo Einaudi baadaye alikuwa rais wa Italia, so hawakuwa watu wa mchezo.) Swali lao lilikuwa, pesa ikivuka mpaka, ni nchi gani ina haki ya kwanza kuitoza: ile pesa inakotoka, au ile mpokeaji anakoishi? Kutoka hapo ndio ikazaliwa mikataba ya nchi mbili mbili, ambapo mnaketi mnasema: kwa gawio utakata kadhaa, kwa riba kadhaa, kwa malipo ya hakimiliki kadhaa.

Angalia huo mwaka. 1923 ndio mwaka serikali ya Uingereza ilitoa ile hati ya Devonshire ikisema Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie. Kwa karatasi. Kwenye meza ya Geneva hakukuwa na mtu wa kwetu wa kusema pesa inakotoka, yaani mashamba na migodi yetu, ipewe uzito. Wataalamu wote wanne walitoka Ulaya na Marekani.

Baada ya uhuru tukaanza kutengeneza yetu. Ushuru wa mapato ulikuwa bado wa pamoja kwa Afrika Mashariki hadi Kenya ilipotunga Sheria yake ya Ushuru wa Mapato ya 1973, iliyoanza kazi Januari 1, 1974. Hiyo ndiyo bado tunaitumia, ikiwa imeshonwa viraka mara nyingi kuliko suruali ya fundi. Kifungu cha 35 ndicho cha zuio: kila mtu anayemlipa mtu asiye mkaazi wa Kenya na asiye na ofisi ya kudumu hapa, kwa vitu kama ada za kitaalamu, hakimiliki, riba au gawio, akate kwanza. Na tukaanza kuandika mikataba: Zambia 1968, Uingereza 1973, kisha nchi zingine za Ulaya, India, Kanada.

Marekani? Hakuna. Hadi leo Kenya na Marekani hazina mkataba wa kuzuia ushuru wa mara mbili kwenye mapato. Kwa Afrika nzima, nchi zenye huo mkataba na Marekani ni nne tu: Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini. Na hapa ndio uchungu unaingia. Kwa macho ya sheria ya Marekani, pesa ya YouTube ni malipo ya hakimiliki. Kwenye mkataba wa Afrika Kusini, kiwango cha hakimiliki ni sufuri. So krieta wa Soweto na krieta wa Kaptembwa wakiwa na watazamaji walewale wa Chicago, wa Soweto akijaza fomu vizuri hakatwi kitu. Wa Kaptembwa anaachwa na senti 70 kwa kila dola. Si talanta. Si kamera. Ni karatasi ambayo serikali moja ilisaini na ingine haikusaini.

Tena hiyo 30% inakatwa kwa pesa ghafi. Hawaulizi ulinunua bando ya ngapi, taa ya ngapi, ulilipa boda ya kwenda Menengai kurekodi. Mwenye hisa za reli wa 1936 hakuwa na gharama, alikuwa anakaa tu anangoja gawio, so kukata pesa ghafi kulikuwa na maana. Krieta ni mtu wa kazi. Na KRA nayo inataka sehemu yake, kwa sababu biashara unaiendesha ukiwa Kenya.

Mtu ataniambia, si tulikuwa na mazungumzo na Marekani? Tulikuwa nayo. Julai 2020 yalianza mazungumzo ya biashara huria, na 2022 yakageuzwa kuwa ushirikiano wa biashara na uwekezaji. Lakini biashara huria ni mambo ya forodha na bidhaa. Haigusi fomu ya W-8BEN hata kidogo. Ni kitu kingine kabisa na kinahitaji watu wengine mezani.

Jina la pesa linabeba uzito kuliko watu wanavyojua. Shosho wangu wa Molo alikuwa na pareto. Yale maua meupe yalikaushwa, yakaletwa kiwanda cha Bodi ya Pareto hapa Nakuru, dawa ikatolewa, ikauzwa nje, na Marekani ilikuwa mnunuzi mkubwa. Shosho alikuwa na malalamiko yake mengi kuhusu malipo kuchelewa, lakini IRS haikuwahi kuwa mojawapo. Kwa nini? Kwa sababu ile ilikuwa bidhaa imeuzwa. Ushuru wa zuio wa Marekani haushiki bei ya gunia. Mjukuu wake akiuza vidio kwa Mmarekani yuleyule, anashikwa, kwa sababu kitu chake kimepewa jina la hakimiliki.

Na kuna hii ambayo natamani kila msee anayefanya kazi za mtandaoni hapa Naks aishike. Kama wewe unaandika maneno kutoka kwenye sauti, unahariri vidio, au unajibu wateja wa kampuni ya Marekani ukiwa umekaa kwenye bedsitter yako Kiamunyi, hiyo ni huduma. Kwa sheria ya Marekani, huduma huhesabiwa pale mikono inapofanyia kazi. Mikono yako iko Kenya. So hayo mapato si ya chanzo cha Marekani, na 30% haiyahusu. Bado watakuomba ujaze fomu, ndio wawe na ushahidi wewe si Mmarekani. Lakini ukiona umekatwa 30% kwa kazi ya huduma uliyofanyia hapa, uliza. Usinyamaze ukifikiri ni kawaida.

Sasa usidhani mimi naimba wimbo wa kwamba mikataba ni dawa. Tumeonyeshwa upande mwingine. Kenya ilisaini mkataba na Mauritius mwaka wa 2012. Mauritius ni kisiwa kizuri, lakini kampuni nyingi hazikuwa zinaenda kuogelea. Wasiwasi ulikuwa kwamba kampuni ingejisajili huko, ipitishe pesa ya Kenya huko, na ikatwe kidogo kuliko inavyofaa. Shirika la Tax Justice Network Africa lilienda kortini, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikautupa ule mkataba kwa sababu haukuwa umepelekwa bungeni jinsi sheria inavyotaka. So mkataba mbaya unaweza kuwa mlango wa nyuma. Swali ni mkataba unamfaa nani.

Na hata ukiwa na sheria nzuri ya zuio, mwenye nguvu anajua kupita kando. Tuna mfano kaunti hiihii. Naivasha kulikuwa na shamba kubwa la maua la Karuturi, kampuni ya Kihindi, ambayo 2007 ilinunua shamba lililokuwa la Sher. Maelfu ya watu walifanya kazi pale, waridi zikiondoka kila siku kwenda Ulaya. KRA ilidai kwamba maua yalikuwa yanauzwa kwa kampuni dada ya Dubai kwa bei ya chini, ndio faida ionekane Dubai badala ya Kenya, na ikadai ushuru wa karibu dola milioni 11. Kampuni ilikataa hayo madai. Kabla hata vumbi halijatulia, Februari 2014 shamba likawekwa chini ya mrasimu wa benki kwa madeni, na wafanyakazi wakabaki kwenye msururu wa wanaodai.

Sasa niambie, hapo kifungu cha 35 kingefanya nini? Hakuna aliyelipwa ada. Hakuna hakimiliki. Ni waridi tu zimeuzwa, na bei ya waridi haina zuio. Mwenye nguvu ya kuchagua jina la malipo na nchi ya mpokeaji ana nafasi ya kupumua. Krieta wa Pipeline hana. Yeye hawezi kufungua kampuni dada Dubai ndio vidio zake zionekane zimetoka huko. Jina lake ni moja, nchi yake ni moja, anafikika.

Kenya yenyewe ilipoona pesa ya mtandao inapita juu ya kichwa, ilifanya vile serikali zote hufanya. Januari 2021 ikaanza kutoza kampuni za mtandao 1.5% ya mauzo. Mwisho wa 2024 hiyo ikabadilishwa kuwa ushuru wa uwepo mkubwa wa kiuchumi, ambao kwa hesabu ya mwisho unafika 3% ya mauzo ya kampuni ya nje. Na kwa Sheria ya Fedha ya 2023 ikaja ile tunayoijua vizuri: zuio kwa malipo ya kontenti ya kidijitali. Mswada ulikuwa umesema 15%. Watu wakapiga kelele, ikashuka hadi 5% kwa mkaazi. Kwa asiye mkaazi ni 20%. Mwaka wa 2024 Mahakama ya Rufaa iliitupa hiyo sheria yote Julai, na Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha.

Sasa linganisha. Kampuni kubwa ya nje inayouza matangazo kwa simu zetu: 3%. Krieta wa Kenya Marekani: 30%. Najua hesabu si sawa kabisa, moja ni ya mauzo ya kampuni nzima na nyingine ni ya malipo ya mtu mmoja. Lakini zote mbili zinakatwa kwa pesa ghafi, na zote mbili ni mgeni anayelipia haki ya kupata pesa kwa nchi ya wengine. Tofauti ya mara kumi si bahati mbaya. Kampuni kubwa zina mawakili Nairobi na serikali yao nyuma yao. Ni walowezi wa 1922 wakiwa na intaneti.

Na kuna upande ambao wengi hatujauona kabisa: wewe pia unaweza kuwa yule anayelipa. Umekua kidogo, chaneli imeanza kuomoka, umempata kijana wa Lagos anayehariri vidio zako, au dada wa Manila anayekuchorea picha za mbele. Unamtumia dola 50 kila wiki. Kwa kifungu cha 35, hiyo ni ada ya kitaalamu kwa mtu asiye mkaazi, kiwango cha kawaida ni 20%, na kile kima cha chini cha shilingi 24,000 kinachosaidia malipo ya wakaazi hakipo kwa wageni. Kama ni raia wa Afrika Mashariki unayemlipa ada ya ushauri, ni 15%. Unatakiwa ukate, uingie iTax, upeleke ndani ya siku tano za kazi, umpe cheti. Usipokata, KRA inaweza kukudai wewe kana kwamba ushuru ni wako mwenyewe. Wangapi hapa mjini wanafanya hivyo? Mimi sijakutana na hata mmoja. Na si kwa sababu ni wahalifu. Ni kwa sababu sheria iliandikwa ikiwazia kampuni yenye mhasibu na ofisi, ikamkuta kijana mwenye simu na laptopu ya mkopo.

Maoni yangu ni haya, na mnaweza kunipinga kwa komenti. Serikali ikienda tena kuzungumza na Marekani, kiwango cha hakimiliki kiwe kwenye orodha, kikiwa na kinga dhidi ya mambo ya aina ya Mauritius: mtu binafsi anayeishi Kenya kweli apate nafuu, kampuni ya sanduku la posta isipate. Na hapa kwetu, malipo madogo ya mtu binafsi kwa mtu binafsi wa nje yawekewe kima cha chini, kama wakaazi walivyowekewa. Wakati wa maoni ya umma kwa Mswada wa Fedha, tumezoea kusoma bei ya mkate na mafuta. Tusome pia jedwali la viwango vya wasio wakaazi. Sisi tuko pande zote mbili za hilo jedwali kuliko kizazi chochote kabla yetu.

Mambo mawili ya haraka kwa wale tayari wanakatwa. Kila mwaka, kufikia katikati ya Machi, Google inaweka kwenye akaunti yako fomu ya 1042-S, inayoonyesha ulipata kiasi gani kutoka Marekani na kiasi gani kilikatwa. Nakala nyingine inaenda IRS. Ipakue uiweke pamoja na karatasi zako za iTax. Na ile W-8BEN haiishi milele, inaisha mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini. Wale walioijaza kwa presha Mei 2021, yao iliisha Desemba 31, 2024. Ingia kwenye akaunti uangalie tarehe, usije ukakuta umerudishwa kwa ile 24% ya kila kitu.